Asante ya Mama Odette

Jumamosi, mwezi wa kumi. Mawingu yamejaa juu ya Kamina tangu asubuhi, mvua haitaki kunyesha, na mimi nimeamka na hasira. Si ile ya kupigia watoto kelele. Ni hasira ya kimya, inayokufanya ufagie lupango, ua wa nyumba, mara mbili na bado uone takataka.

Nataka kuandika juu ya Mama Odette. Kanisani namsifu, shuleni nanyamaza, nyumbani watoto wananisikiliza. Basi nitasema hapa.

Kwa asiyemjua: Mama Odette ni kiongozi wa wamama kanisani kwetu, na ndiye anayekopesha pesa karibu walimu wote wa shule yetu ya msingi. Hana ofisi, hana karatasi, hana askari mlangoni. Ana kopo la biskuti. Ukikopa, unaacha kadi yako ya benki ndani ya kopo, na unamtajia namba yako ya siri. Anaiandika nyuma ya kitabu chake cha nyimbo. Namba za siri za shule nzima ziko pale, baada ya nyimbo za Krismasi.

Siku ya mshahara haendi mwalimu kwenye benki. Anaenda yeye, na kadi zetu amezitia kifuani. Anasimama kwenye mstari amejipaka poda, anatoa mshahara wa mmoja, wa pili, wa tatu, mpaka watu nyuma yake wanaanza kunung'unika. Halafu sisi, wenye mshahara, tunakwenda kukaa kwenye baraza lake tungojee kilichobaki. Watu wazima na diploma zetu. Anatutolea soda moja tugawane wawili wawili, na mwezi mmoja alinikata bei ya ile soda.

Nikiwa nasema ukweli, niuseme wote. Sikukopa kwa ajili ya ugonjwa. Watu wakiniuliza nasema mtoto alikuwa na malaria. Hakuna mtoto aliyekuwa na malaria.

Nilikopa kwa ajili ya kikwembe.

Mwezi wa tatu, sikukuu ya wanawake, walimu wote wa kike walitakiwa kupita mbele ya watu katika kitambaa kimoja. Mkurugenzi wa shule alisema si lazima, ila asiyekuwa nacho atatembea nyuma. Mimi, Bea, miaka kumi na moja nikifundisha, nitembee nyuma? Nikakopa dola hamsini. Kitambaa, fundi, viatu, na kusuka nywele. Siku yenyewe mvua ilitunyeshea kabla hatujafika katikati ya mji, kitambaa kikachuja rangi, nikarudi nyumbani na mapaja ya buluu. Wapumbavu wako wa aina nyingi, na wengine wanavaa sare.

Siku niliyokwenda kukopa, nilimuuliza Mama Odette anataka faida gani. Akashika kifua chake kama nimemtukana.

“Madame Bea! Miye sikamataka intérêt. Intérêt ni zambi. Siye ni bantu ba Mungu. Utaniletea tu asante.”

“Asante ya ngapi, mama?”

“Asante ya muntu inatokaka mu roho yake,” akasema. Halafu akaangalia kucha zake. “Benzako banatosha makumi mbili ku mwezi.”

Dola ishirini kila mwezi kutoka rohoni mwangu. Na asante hii haipunguzi deni hata kidogo. Zile hamsini zinabaki zimekaa palepale, na asante inapita kila mwezi kuzisalimia. Nimetoa asante miezi saba. Nimemshukuru kuliko nilivyomshukuru mama yangu aliyenizaa, na bado nilikuwa nadaiwa hamsini kamili.

Jumapili anasimama mbele, anawaambia wamama kwamba wakopeshaji wa riba wataona moto. Anasema na machozi yanamtoka. Macho makavu yule mwanamke, lakini machozi anayo.

Wiki iliyopita mwalimu mmoja alinitumia kwenye simu video ya bwana mmoja amefunga tai, anafundisha namna ya kutoka kwenye madeni. Andika matumizi yako yote, anasema, halafu kata ya anasa. Nikaandika. Unga, majani ya sombe, chumvi, makala ya kupikia, sabuni, mafuta kidogo. Nikatafuta anasa. Sukari tulikwisha kuiacha mwezi wa tano. Sabuni naikata vipande vinne kwa waya, kila kipande na wiki yake. Mume wangu, Baba Gloria, anafanya kazi kwenye njia ya reli, na viatu vyake vya kazi amevifunga kwa kamba. Sasa bwana wa tai, nikate nini? Kamba?

Baba Gloria hajawahi kunisema juu ya kile kikwembe. Laiti angenisema. Mara moja tu, mwezi wa saba, nilipoleta nyumbani mabaki ya mshahara, aliuliza kwa upole: “Ile carte, iko na jina ya nani juu yake?” Nikasema langu. Akatikisa kichwa, akaendelea kula bukari yake. Nilitamani ardhi inimeze.

Swali hilo halikuniacha, na mwanzo wa mwezi huu nikaamua kwamba kadi itarudi nyumbani kabla ya mshahara kutoka. Sikutaka kingine. Gloria yuko kidato cha mwisho, na mshahara huu unatakiwa kufika mzima mikononi mwangu. Ukipita tena kwenye lile kopo, ada itakosekana, na hatafanya mtihani wa serikali.

Dada yangu Ngoie anakaa Kinkondja, kule ziwani. Nilimpigia simu nikamwambia ukweli, kikwembe na yote. Akacheka mpaka nikataka kukata. Lakini akanitumia mabunda mawili ya samaki kavu kwenye lori, akasema nitamrudishia nikipata, na asinisikie nikimwambia habari za asante.

Nimeuza samaki sokoni wiki mbili, kila nikitoka shule. Nilikaa chini na gunia langu katikati ya wamama ambao watoto wao ninawafundisha kuandika. Wengine walinunua kwa huruma. Mmoja alitaka nimpunguzie bei akisema, “Madame, hata banyi balimu munauzishaka samaki?” Ndiyo, mama, hata sisi. Nikavumilia. Nikapata zile hamsini, zinanuka mpaka leo.

Asubuhi ya leo nilikwenda nazo kwake.

Hakuzitaka.

Mimi kwa ujinga wangu nilifikiri anayekopesha pesa anapenda kurudishiwa. Mama Odette alizitazama zile pesa kama nimemletea panya. Kwanza alisema Jumamosi hapokei pesa, anajitayarisha kwa siku ya Bwana. Halafu akasema noti moja imechanika. Halafu akanishika mkono kwa mapendo mengi.

“Madame Bea, haraka ya nini? Kaa nazo, zikusaidie nyumba. Siye tunazoeleana. Leta tu asante mwisho ya mwezi, sawa vile siku zote.”

Ndipo nikaelewa. Hakutaka zile hamsini kamwe. Alitaka zibaki kwangu mpaka nitakapozeeka, zimzalie. Nikaondoka na pesa zangu zinazonuka, na njiani nilitukana kwa Kiluba, kwa Kiswahili na kwa Kifaransa, na bado nikaona lugha hazitoshi.

Saa tisa wamama wana mazoezi ya kwaya. Mimi si mwanakwaya, sauti yangu inafukuza kuku. Lakini nilivaa kikwembe changu kilichochuja, nikaenda. Walipopumzika nikasimama katikati yao.

“Bamama, munisamehe, niko na neno moja. Mwezi ya tatu nilikuwa mu shida. Mama Odette alinikopesha dola makumi tano, na hakuniomba intérêt hata moja, juu intérêt ni zambi. Leo ninamurudishia mbele yenu bote, mushuhudie.”

Nikaweka pesa mkononi mwake. Halafu nikapiga magoti, nikakutanisha viganja na kuvipiga polepole, namna mama zetu wanavyoshukuru mtu mkubwa.

“Wafwako, mama. Asante. Asante sana. Asante mingi.”

Wamama wakapiga vigelegele. Mmoja akasema hiyo ndiyo imani yenye matendo. Mama Odette alisimama na pesa mkononi, mdomo unacheka na macho yanataka kunichoma. Angesema nini? Angewaambia asante hii si ile? Angetaja bei yake mbele ya wamama aliowalilia Jumapili?

“Mungu akubariki,” akasema. Ilimtoka kama jino.

“Na carte yangu, mama. Tuende bote tuikamate, ni njia moja.”

“Carte gani tena?” akauliza mama mmoja mzee, mke wa mkulima, asiyejua kitu. Nusu ya kwaya walikuwa wanatazama vidole vyao vya miguu, na hapo nikajua lile kopo limejaa kiasi gani.

Nyumbani kwake hakunikaribisha kukaa. Alifungua kopo, akachambua kadi kama mtu anayechagua maharagi, akanipa yangu. Halafu, tukiwa wawili tu, sauti yake ikabadilika.

“Na asante yangu ya mwezi hii?”

“Nilikwisha kukupa, mama. Bamama bote balisikia.”

Akafunga mlango. Nilitembea barabarani na kadi ndani ya ngumi. Nilikuwa na furaha, nasema wazi, furaha chafu ya kumwona mtu ameumbuka. Nilirudia lile tukio kichwani mara tatu, na kila mara sura yake ilizidi kuwa mbaya na hotuba yangu ilizidi kuwa nzuri.

Karibu na reli nikasikia mtu ananikimbilia. Ni Chantal, mwalimu wa darasa la pili, mdogo wetu pale shuleni, bado hata miaka miwili hajamaliza. Yeye anaimba kwenye kwaya, alikuwepo. Nilifikiri anakuja kunipongeza.

“Yaya Bea,” akasema, anahema; ananiita yaya, dada mkubwa. “Na yangu iko mule mu kopo. Makumi tatu tu. Paye ya mwezi ikitoka, unikopeshe nitoshe carte yangu. Ile sauti ya kusema mbele ya bantu sina. Unikopeshe tu weye.”

Nikafungua mdomo, na kabla sijasema kitu akaongeza haraka, macho chini:

“Sitakuacha bure, yaya. Nitakupa asante yako.”

Nilipaswa kumzaba kofi. Nilipaswa kumkumbatia. Nilipaswa angalau kukasirika, maana nilikuwa nimetoka kukasirika sasa hivi na hasira bado ilikuwa ya moto.

Nilihesabu.

Sikutaka, lakini kichwa changu kilihesabu chenyewe. Makumi tatu, asante ya kumi kwa mwezi, si ishirini, mimi si mnyama. Kumi kwa mwezi ni sukari. Ni viatu vya Baba Gloria kabla ya Krismasi. Na kama Chantal atakubali kumi, nani mwingine katika ile kwaya angekubali? Yote hayo yalipita kichwani mwangu wakati msichana wa watu amesimama mbele yangu anafuta jasho.

“Tutaona,” nikamwambia.

Tutaona! Ni neno la mwenye pesa. Na sikulisema kwa sauti yangu ya kawaida, nililisema taratibu, na kidevu juu kidogo. Chantal akakunja magoti akanishukuru. Kwa neno hilo tu. Akaondoka mbio akiwa na furaha.

Nilifika nyumbani nikaweka kadi mezani mbele ya mume wangu. Aliichukua, akasoma jina langu kwa sauti, herufi kwa herufi, halafu akamwita Gloria aje naye asome. Sijamwona akicheka hivyo tangu mwaka jana. Nikamweleza kila kitu, samaki, kwaya, vigelegele, mlango uliofungwa. Akapiga meza.

Masimulizi yalipofika kwa Chantal, akaacha kucheka.

“Na ulimujibu nini?”

Nikasema treni ilikuwa inapita, hatukusikilizana vizuri.

Leo hakuna treni iliyopita, na yeye anayefanya kazi kwenye reli anajua hilo kuliko mimi. Aliweka kadi juu ya meza, akatoka nje kupasua kuni.

Kwa hiyo niko hapa naandika, na nimemtukana Mama Odette mistari mingi, na kila neno bado nalisimamia. Ila natamani kujua kitu kimoja. Yeye naye, siku ya kwanza mtu alipomwomba amkopeshe, kabla ya kopo na kabla ya kitabu cha nyimbo, alijibu nini?

Jumatatu asubuhi Chantal atakuwa langoni mwa shule ananingojea.