Mazoezi ya Kwaya

Kwako dada Valérie,

Huku Durban niko mzima, upepo tu ndio unanichosha. Saluni iko na wateja, na kila Ijumaa naimba muziki wa soul kwenye baa moja ya mtaa wa Point. Watu wanasimama kunipigia makofi.

Kwaya yetu ya gospel haijanisalimia tangu nianze kuimba huko. Jana nilirudisha sare yao kanisani, Sydenham, nikawakuta kwenye mazoezi ya wimbo wa mazishi, ule tunaoutia jina la marehemu kwenye kiitikio. Nikasimama mlangoni nisikie nani amekufa. Wakaimba, "Lyse, lala salama."

Waliniona. Papy, mwalimu wa kwaya, akasema tu, "Rudieni, sauti ya pili bado."

Mama asijue. Ila Papy akikupigia na habari yangu, muulize mazoezi walianza lini.

Mdogo wako anayeimba bado,
Lyse