Msiba wa Shishiyu na Wakili wa Bima

Baba,

Mwangaluka. Zahanati yako bado iko wazi. Naanza na hilo kabla sijakwambia jinsi nilivyokaribia kuifunga. Wagonjwa wapya wananiita daktari, wa zamani bado wananiita mtoto wa daktari. Kiti chako nimekisogeza dirishani, maana nimeshindwa kukikalia.

Unakumbuka nilivyokucheka kila ulipolipia ile bima ya madaktari? Nilisema huku Bariadi mtu akimkasirikia daktari hamshtaki, anahamia kwa mganga. Ukanijibu, "Ni chama cha kuzikana tu, ng'wanone. Ila hiki kinakuja ungali hai." Nilidhani unatania.

Basi msimu huu wa kuvuna pamba alifariki Mayu Kabula wa Shishiyu, yule mgonjwa wako wa presha. Nilimpima, nikaona moyo umezidiwa, nikamwandikia rufaa palepale na kumpandisha garini mwenyewe. Alikata roho njiani. Nikafanya kama ulivyozoea kufanya: nikaenda msibani. Nikaketi chini na akina mama, nikapika, nikalia. Nililia sana, Baba. Nilikuwa nakulilia na wewe.

Mwanawe mkubwa, anayeishi Dar, aliniona. Akapeleka malalamiko kwenye baraza la madaktari kwamba nilichelewesha rufaa. Ushahidi wake? Daktari asiye na hatia haendi kumlilia mgonjwa wake. Leseni yangu ikawa mashakani. Chakula kilinishinda, nikaanza kufikiria kuifunga zahanati.

Nikawapigia wale wa bima. Wakaniletea wakili kutoka Mwanza, binti mdogo kuliko mimi, hajawahi kukanyaga Bariadi. Alinihoji mpaka nikamkasirikia, halafu akasema, "Dokta, wewe katibu wagonjwa. Hii sasa ni kazi yangu." Baba, mpaka leo nashangaa! Madaktari nisiowajua, wa Songea, wa Tanga, wa huko kote, ndio waliochanga ili yule binti aketi upande wangu.

Siku ya kikao alieleza nilivyomhudumia mgonjwa, hatua kwa hatua, wala hakupandisha sauti. Alipofika kwenye suala la msiba, akaomba mume wa marehemu asikilizwe. Mzee Luhende akasimama, kofia mkononi.

"Mwanangu amekaa sana mjini," alisema. "Baba wa huyu alikuja kwenye misiba yetu yote. Huyu asingekuja, hapo ndipo mimi ningemshtaki."

Mtu aliyetoka kumzika mke wake alikuwa amesimama kunitetea mimi. Mwanawe aliinamisha kichwa, na malalamiko yakatupiliwa mbali.

Nje, wakili alinishika mkono. Akaniambia kweli tupu, kwamba machozi yangu yangeweza kuniangusha, na kwamba safari nyingine mgonjwa akifariki niwapigie kwanza, ndipo niende kokote. Nilitaka kubishana. Sikubishana, kwa sababu ni yeye aliyeniokoa.

Basi pumzika, Baba. Bima nitailipia kila mwaka, bila kucheka. Mgonjwa wetu akifariki nitawapigia kwanza, nimemwahidi yule binti. Na wewe nakuahidi hili: nikishakata simu, nitajifunga kanga, nitakwenda, nitaketi chini.

Mwanao.