Msumari wa Doña Iris

Choloma, Jumapili mchana

Dada yangu Orfilia,

Basi pale simu iliponizimikia nilikuwa nakupa habari za Nolvia. Lakini ngoja nisalimie kwanza, Mama asije akasema hakunilea. Goti lako linasemaje? Watoto je? Shemeji bado anakoroma kama jenereta? Sie wazima, ila usingizi umetukimbia.

Haya, Nolvia, yule ninayeshona naye mikono ya fulana. Kaacha kazi! Tangu vitambaa vianze kupungua kiwandani, kila mtu na lake. Mara kiwanda kinahamia Nikaragua, mara tajiri kafilisika. Doña Iris, msimamizi wetu, ukimuuliza anacheka, eti, "Shoneni nyie, kiwanda hakina miguu." Halafu anainama sikioni: "Ila mwenye wasiwasi aje ofisini asaini kuacha, simzuii." Nolvia kasaini. Anasema bora akauze chapati za baleada stendi kuliko kuamka kila siku hajui kama atakuta geti limefungwa. Nikamwambia, mjinga wewe, ukiacha mwenyewe kiinua mgongo huna! Akanijibu, "Kaa wewe, mwanamke, watakulipa vifungo."

Na kweli, dada, woga unachosha kuliko cherehani. Wameondoka wengi, leo wawili, kesho watano. Si unajua kiwanda cha jirani walivyofanyiwa? Walikwenda mapumziko ya Pasaka, kurudi wakakuta ukumbi mweupe, cherehani zote zimebebwa na malori. Cherehani zikishaondoka, utamdai nani? Ukuta?

Sasa lile la kusema kwa barua. Ile kazi ya jikoni uliyonitafutia huko La Ceiba, kesho sianzi. Usininunie. Ijumaa nilikwenda kusaini kabisa, peni mkononi. Nainua macho, nyuma ya Doña Iris, pale anapotundika picha ya Bikira Maria wake wa Suyapa, pana msumari mtupu. Yule mama hamtoi Bikira wake hata ukuta ukipakwa rangi, mafundi wanamzunguka! Nikamuuliza yuko wapi. Kampeleka kusafishwa, anasema, huku jasho linamtoka. Nikaiweka peni chini, nikarudi ukumbini nikapiga ukelele: jamani, wanahama!

Ndiyo maana tangu juzi tumekaa getini, kisitoke hata kijiti cha uzi. Nolvia naye karudi na sufuria la maharage, anasema amekuja kuniona nikiaibika. Wote wananitazama mimi. Nami, dada, nimeona msumari tu. Kama Bikira kweli yuko kwa fundi, kesho tunafukuzwa wote kwa kugoma, watu na watoto wao, kwa mdomo wangu huu. Hilo sijamwambia mtu, nakwambia wewe. Nacheka nao tu, nagawa maharage.

Nibusie Mama, umwambie...

Nolvia huyo ananipigia kelele: "Delmi! Acha kuandika, we mwanamke! Malori! Matatu, matupu, na Doña Iris kakaa mbele!"

Matupu, dada, yamekuja kupakia! Naenda kulala mbele ya tairi.

Delmi