Vijiwaya kwenye Winchi ya Mtongwe

Jumatatu, 25 Machi 1946

Mtongwe. Kutwa gatini, juu ya mkono wa winchi, nabandika vijiwaya. Kijiwaya chenyewe ni uzi wa chuma juu ya kikaratasi, kadiri ya stampu. Winchi ikibeba, chuma chavutika, na uzi wavutika nacho, na umeme upitao ndani yake wabadilika kidogo. Sanduku la valvu, kama zile za redio, lakuza badiliko hilo, sindano yacheza. Kitabuni rahisi! Hapa jasho langu ladondokea gundi, gundi haikauki, vyabanduka kimoja kimoja. Winchi kuukuu hii, na Jumamosi itainua boila ya meli. Wa kufunga minyororo na kusimama chini yake ni Ruwa, shemeji yangu. Mke wangu Kahaso aniuliza kila nikiingia nyumbani: kaka yangu atapona? Nami nitajuaje, na gundi hii!

Jumanne, 26 Machi

Gundi imeshika. Alhamdulillahi, asema Ishaka, fundi mwenzangu. Lakini sindano! Winchi haijabeba hata ndoo, sindano yapanda. Wingu likipita, yashuka. Ni joto. Na dawa ya joto nimeiweka: kijiwaya pacha, juu ya bapa la chuma lisilobeba kitu, jua lile lile, ili joto la huyu lifute la yule. Na waya wa kupima joto pembeni. Wapi! Kila mara namkimbilia Phineas, msimamizi: winchi yavutika! Kila mara narudi: samahani, ni jua tu. Leo kacheka mbele ya watu. Eti mashine yangu ina homa.

Alhamisi, 28 Machi

Nimegundua. Ningelia! Ishaka kamfunika pacha kwa gunia bichi. Alimwonea huruma, asema, jua litamuunguza. Kwao hata mtungi hauachwi juani. Wallahi ndugu yangu, nilikuwa nakusaidia. Kunisaidia! Mmoja aungua, mwenziwe kalala kivulini! Nilimfokea, kisha nikaona haya, kanizidi umri. Kaniletea mahamri. Nimekula nimenuna.

Gunia limeondoka. Joto lapanda, sindano tuli. Tuli!

Jumamosi, 30 Machi

Mawingu tangu alfajiri. Wamejaribu boila, wakaiinua kimo cha goti tu, wakaishusha. Sindano ikapanda — sawa, mzigo huo. Boila ikakaa chini. Sindano haikurudi. Nikatazama joto: halijasogea. Pacha, betri, nyaya — vyote sawa. Basi ni chuma. Kimevutika na hakikurudi, mkono wa winchi waanza kukunjika! Nikamkimbilia Phineas. Hakugeuza hata shingo. Jua tena, eh? Nikamwambia jua liko wapi leo, tazama juu! Akasema meli yangoja. Nikamfuata Ruwa. Naye acheka, minyororo begani: shemeji, homa haijapona tu?

Nimepanda juu ya boila. Nimekaa. Niko hapa sasa, suruali yote masizi, naandika gotini. Wainue na mimi, wakitaka! Phineas apiga kelele kwamba kazi sina. Haya. Ruwa kaacha kucheka. Anisihi kwa Kigiriama nimhurumie dada yake, watoto watakula nini. Watakula nini! Ishaka yu kwenye sanduku. Namuuliza, imerudi? Atikisa kichwa.

Phineas kamwamuru Ruwa anishushe. Huyo apanda, kavua na viatu.

Ni kwa ajili yako, mjinga we!