Herufi Aliyoimeza Baba

Mikumi, 6 Februari 2024

Mdogo wangu Makarius,

Hujambo? Sisi wazima, ila mama goti linamsumbua. Simu zangu hupokei, basi naandika.

Kidato cha Pili wananitoa jasho. Kauli ya kutendea wanaikariri kama kasuku, kuitumia hawawezi. Nichoree katuni: mzizi mmoja tu, -pik-, kisha kiambishi -i- kiingie, waone maana inavyogeuka. Unakumbuka baba alivyokuwa akiimeza hiyo -i-? "Mama Irine, nipike uji!" Na mama: "Nikupike kwa kuni au kwa mkaa?" Ichore hiyo.

Na shamba la Rudewa je? Masika yanakaribia, majani yamefika kiunoni.

Dada yako,
Irine

Kilosa, 19 Februari

Shikamoo dada. Mama naye mfikishie shikamoo yangu. Mimi mzima, wa mwili.

Katuni nimempa kondakta wa basi la huko Mikumi akuletee. Baba yumo sufuriani na kofia yake ya reli, mama anachochea kuni. Nimecheka peke yangu, kisha nikakasirika kwa kucheka.

Shamba usiniulize. Siku ulipomchukua baba kumpeleka hospitali huko, mimi nilikuwa Dumila napaka rangi kibanda cha chipsi. Nikarudi Rudewa, nikakuta karatasi mezani: "Makarius nimekuacha shamba." Basi. Kaniacha shambani kama jembe lililovunjika mpini, akaja kufia kwako. Sikukuambia kwa aibu.

Tangu hapo situlii. Maduka ya Kilosa nimeyaandika mabango yote, sasa mji unanibana. Tarehe kumi Machi napanda basi la Mwanza pale Dumila. Usinizuie.

Mdogo wako,
Makarius

Mikumi, 1 Machi

Makarius, marahaba. Hali zetu baadaye, moyo unanienda mbio.

Leo darasa zima limevunjika mbavu. Kisha Naomi, msichana wa dawati la mbele, akauliza: "Mwalimu, huyu babu aliimeza hata akiandika?" Nikasema ndiyo, aliandika kama alivyosema. Hapo hapo chaki ikanidondoka. Karatasi yako!

Wewe uliyemchora baba sufuriani, umeshindwaje kumsoma? Mzizi ni -ach-. Tia -i-.

Nimemuuliza mama, maana siku ile yeye ndiye aliyekaa naye kiti cha nyuma. Anasema njia nzima, ndani ya gari, baba alirudia, "Shamba nimemwacha Makarius," naye akimjibu, "Ameshajua, pumzika."

Mdogo wangu, hukujua.

Dada yako,
Irine

Mikumi, 12 Machi

Makarius,

U hali gani, na uko wapi? Kondakta anasema barua alikupa mkononi, ukaitia mfukoni bila kuifungua. Mvua imeanza. Kila basi likipiga honi mama anainuka, na goti lile lile. Naogopa, na nina hasira nawe. Kama uko Mwanza, uwe mzima basi. Niandikie hata matusi.

Dada yako

Rudewa, 17 Machi

Shikamoo dada. Goti la mama linaendeleaje? Mimi nimeungua mgongo kwa jua, mengine salama.

Barua yako niliifungua Dumila, begi langu likiwa tayari kwenye buti. Nikatoa karatasi ya baba, nikaiandika ile -i- kwa penseli mahali pake. Nimelia stendi, dada, mbele ya wauza vitunguu, nao wakadhani ni bidhaa yao. Nilipoinua kichwa basi lilikuwa limeondoka. Begi limekwenda Mwanza peke yake.

Nusu ya shamba nimeshafyeka. Mbegu za mahindi sina. Wewe uko karibu na Kilangali, kwenye shamba la mbegu, kuliko mimi, tena unajua kuulizia vizuri. Nitumie, dada. Nitumie, usinitume, mimi siendi popote.

Mdogo wako aliyeachiwa,
Makarius