Ndago Kwenye Ini la Baba

Mfaranyaki, Songea
14 Februari 2025

Mdogo wangu Eusebi,

Huku hatujambo, na mahindi yamefika kiunoni. Nimeandika barua kwa sababu kwenye simu nikimtaja baba unakata.

Mwaka jana nilikwambia kansa ya ini imerudi kwa vile baba alikunywa pombe kwa siri baada ya upasuaji. Ukaacha kumpigia. Nilikosea.

Jumanne nilimpeleka kliniki na daftari langu la kumbukumbu, nikitaka daktari amkemee. Nilikuwa nimeandika tarehe zote nilizomshuku. Daktari alilisoma, akalifunga.

"Dada, kwenye uvimbe huwa kuna seli chache zilizo kama mbegu. Dawa inaua nyingine, hizo zinabaki zimelala, halafu zinaanzisha uvimbe upya. Kansa inaweza kurudi hata kwa mtu asiyeonja pombe."

Baba akacheka. "Kumbe ni kama ndago shambani. Unapalilia juu, viazi vyake viko chini. Na huyu binti alikuwa ananinusa mdomo kila jioni."

Njiani nilimwomba msamaha. Akasema, "Ulinisema kwa Eusebi. Kanyooshe huko huko."

Ndiyo nanyoosha. Hakunywa. Safari hii daktari hakutaja upasuaji, alitupa dawa za maumivu tu. Baba bado anaweka simu kwenye mfuko wa shati ikifika saa kumi na mbili jioni, saa uliyokuwa unapiga. Mpigie.

Dada yako,
Notburga