Mihogo ya Bondeni na ya Mchangani

Mume wangu mdogo Hamisi,

Marahaba. Huku Chiungutwa hatujambo. Mama yako amepona mafua na sasa anagomba vizuri.

Unauliza kama programu yako ya kompyuta isadikiwe inaposema ubora wa mbegu hutegemea udongo, ilhali kila mbegu wewe na wenzako mmeipanda mara moja tu katika kila shamba. Nilipoletwa hapa bibi harusi kutoka Newala, wanawake wa ukoo tulipanda mihogo ya aina zilezile, kila mtu shambani kwake. Aina aliyoisifu mama mkwe, kwangu bondeni ilitoa mihogo kama vidole. "Mvivu huyu!" akasema. Kila mwanamke akatetea mbegu yake, kelele tupu. Wifi yangu Mama Rashidi akasema, "Wenye mashamba ya mchangani kaeni huku, wa bondeni kule." Tukakaa. Kumbe kila upande ulikuwa unasifu aina yake moja.

Programu yako huyatenga mashamba vivyo hivyo, tena hujaribu kila namna ya kuyagawa bila kumsumbua mtu ahame. Naistaajabia kweli. Ila mavuno ya mara moja huweza kuwa bahati, kwa hiyo sisi tulipanda tena. Safari hiyo nilipanda mbegu ya bondeni, kikapu kikajaa. Mama mkwe alikibeba mwenyewe hadi nyumbani.

Mkeo mkubwa,
Bibi